Kupima Hatari ya Maafa katika Wilaya: Funzo kutoka Mlima Hanang

UTANGULIZI

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, 2023, tope zito lililochanganyika na mawe na magogo ya miti liliteremka kutoka Mlima Hanang, katika Mkoa wa Manyara, Tanzania, likafukia sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Kwa hesabu iliyotolewa na Serikali mwezi huo huo, watu 89 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 100 walijeruhiwa. Nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilichukuliwa au kufukiwa. Wataalamu waliotumwa kuchunguza chanzo walieleza kwamba mlima haukulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, iliyokwisha kulowa kwa mvua, ilimeguka. Kisha tope likafuata mkondo wa Mto Jorodom mpaka kwenye makazi ya watu.

Baada ya msiba kama huo watu husema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo huwafariji wafiwa, wala haifai kuwanyima faraja. Hata hivyo, mtu anayechunguza mambo kisayansi hana budi kuona jambo moja: tope lile halikuchagua njia yake kwa bahati nasibu. Lilipita katika mkondo, na mkondo ulikuwapo kabla ya tope. Nani amejenga kando ya mkondo, kwa vifaa gani, na amepewa onyo kwa muda gani, hayo yote ni mambo yanayoweza kujulikana kabla ya mvua kunyesha.

Makala haya yanaeleza jinsi hatari ya maafa inavyoweza kupimwa katika wilaya, kwa njia ambazo mwalimu wa jiografia, fizikia au hesabu pamoja na wanafunzi wake wanaweza kuzifuata. Wilaya ya Hanang imechukuliwa kuwa mfano, lakini njia zenyewe zinafaa mahali popote penye milima, mito au nyanda kavu.

JANGA, MAAFA NA HATARI

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Katika somo hili kila moja lina maana yake.

Janga ni tukio la asili lenye uwezo wa kudhuru: mvua kubwa, maporomoko ya ardhi, tetemeko, ukame, kimbunga. Maafa ni madhara yanayowapata watu wakati janga linapokutana nao nao hawana uwezo wa kulihimili. Maporomoko yakitokea katika bonde lisilo na watu, lipo janga lakini hakuna maafa. Hatari ya maafa ni kipimo cha madhara yanayoweza kutokea katika muda fulani ujao.

Hatari hiyo hutokana na mambo matatu yanayozidishana:

(a) uwezekano na nguvu za janga lenyewe;
(b) idadi ya watu na mali iliyomo katika njia ya janga;
(c) udhaifu wao, yaani wepesi wao wa kudhurika.

Neno "kuzidishana" limetumiwa kwa makusudi. Kama moja ya mambo hayo matatu ni sifuri, zao lake ni sifuri. Binadamu hawezi kuizuia mvua, wala hawezi kuushusha mlima. Lakini anaweza kupunguza (b) kwa kutojenga katika njia ya tope, na anaweza kupunguza (c) kwa kujenga imara na kutoa onyo mapema. Hapo ndipo faida ya kupima hatari ilipo: kipimo huonyesha ni tarakimu ipi iliyo mikononi mwa watu.

Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba, 2016 ni mfano wa udhaifu huo. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, nalo liliua watu wasiopungua 17. Matetemeko ya ukubwa huo hutokea mara nyingi duniani bila kuua mtu, ama kwa sababu hutokea mbali na makazi, ama kwa sababu majengo ya mahali hapo yamefungwa kwa nondo na mikanda ya zege. Kuta za tofali zisizofungwa vizuri ndizo huangukia watu.

SURA YA NCHI YA HANANG

Mlima Hanang una urefu wa takriban meta 3,420 kutoka usawa wa bahari, nao ni mmoja wa milima mirefu ya Tanzania. Ni mlima wa volkeno uliosimama peke yake kusini mwa kundi la volkeno za Bonde la Ufa la kaskazini mwa Tanzania. Haina kumbukumbu historia iliyoandikwa ya mlima huo kulipuka. Kaskazini yake liko Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Katesh, makao makuu ya wilaya, iko kwenye miguu ya mlima upande wa kusini, na barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Babati na Arusha hupita hapo.

Sababu za watu kukaa chini ya mlima si ujinga, na mtathmini anayeanza kwa kuwalaumu wakazi ataharibu kazi yake. Nyanda zinazouzunguka mlima ni kavu. Mlima ndio unaoleta maji. Hewa yenye unyevu inapoukuta mlima hulazimika kupanda, ikapoa, na mvuke wake ukawa mawingu na mvua. Maji hayo huteremka kwa vijito na kutokeza chemchemi. Udongo wa volkeno una rutuba. Barabara, soko na shule vimejengwa palipo na watu na maji. Kwa hiyo neema na hatari hutoka mahali pamoja, na kazi ya tathmini ni kuzitenganisha juu ya ramani.

HATUA YA KWANZA: KUORODHESHA MAJANGA

Tathmini huanza kwa orodha kamili, si kwa janga lililotokea mwisho. Ni desturi ya binadamu kuliogopa lililompata jana na kulisahau la juzi. Orodha ya wilaya iliyo katika ukanda huu haina budi kuwa na mambo haya yafuatayo.

Ukame. Mikoa ya kaskazini mwa Tanzania imepoteza mifugo mingi katika vipindi kadhaa, kama vile mwaka 2009. Katika msimu wa 2021/2022 maelfu ya mifugo ilikufa katika Wilaya ya Simanjiro, katika Mkoa huo huo wa Manyara.

Mvua za kupita kiasi. Mvua za mwaka 1997/98 na za mwishoni mwa 2023 zilihusiana na hali iitwayo El Nino, ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki ya tropiki hupata joto kuliko kawaida. Bahari ya Hindi ya magharibi nayo ikiwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli za Afrika Mashariki huelekea kuwa nyingi.

Maporomoko ya ardhi na mafuriko ya tope, hasa pale miteremko mikali inapokutana na makorongo.

Matetemeko. Bonde la Ufa bado linapanuka polepole. Mwezi Mei, 1964 tetemeko lenye ukubwa unaozidi 6 lilitokea katika eneo la Mbulu, jirani na Hanang.

Habari hizi hupatikana kwa njia tatu: maandishi ya ofisi na vituo vya hali ya hewa, kumbukumbu za wazee, na ardhi yenyewe. Kila njia ina upungufu wake. Maandishi mara nyingi ni ya miaka michache. Kumbukumbu za wazee huweza kufika miaka 70 au 80, na wakati mwingine zaidi kwa hadithi walizopewa na wazazi wao. Ardhi hukumbuka maelfu ya miaka, lakini yataka ajuaye kuisoma.

HATUA YA PILI: KUISOMA ARDHI

Mto wa kawaida wenye maji safi hubeba mchanga na kokoto, nao huzipanga: nzito hutua mapema, nyepesi huenda mbali. Tope zito la maporomoko halipangi. Huchukua mawe makubwa, changarawe na udongo pamoja, na linaposimama huacha mchanganyiko ambamo jiwe kubwa limezungukwa na udongo laini pande zote. Sababu yake ni kanuni ya Archimedes. Meta moja ya ujazo ya jiwe la volkeno ina uzito wa kiasi cha kilo 2,700. Ndani ya maji safi jiwe hilo huinuliwa kwa nguvu ilingayo na uzito wa kilo 1,000, likabaki na uzito wa kilo 1,700. Ndani ya tope lenye kilo 1,800 kwa kila meta ya ujazo, linabaki na kilo 900 tu, yaani karibu nusu ya hapo awali. Ndiyo maana tope huweza kusukuma mawe ambayo mto ule ule, ukiwa na maji matupu, usingeweza kuyatikisa.

Kwa hiyo alama za kutafuta ni hizi:

1. Mawe makubwa yaliyotapakaa katika nchi tambarare, mbali na mteremko unaoweza kuyabingirisha. Jiwe halitembei lenyewe. Kitu fulani kililileta.

2. Rundo la udongo na mawe lenye umbo la upepeo mahali korongo linapotoka mlimani. Ncha ya upepeo iko mdomoni mwa korongo, na ukingo wake mpana uko nyandani. Mahali kama hapo hupendwa kwa makazi kwa kuwa hapana mwinuko mkali na maji yako karibu. Lakini upepeo huo haukujengwa na kitu kingine ila matope ya zamani.

3. Katika kuta za korongo, au katika shimo la choo au la kisima, tabaka za mchanganyiko wa mawe na udongo zilizotenganishwa na tabaka nyeusi za udongo wa juu. Kila tabaka la mchanganyiko ni tukio moja. Kila tabaka jeusi ni kipindi cha utulivu ambacho majani yaliota na kuoza.

4. Juu ya mteremko, makovu yenye umbo la kijiko yasiyo na miti mikubwa, nyufa zinazofuata upana wa mteremko, miti iliyoinama, na chemchemi zilizotokea mahali ambapo hazikuwapo.

Mwanafunzi akiziona alama mbili au tatu za namna hii mahali pamoja, ana haki ya kuandika katika daftari lake kwamba tope limewahi kupita hapo, hata kama hakuna mzee anayekumbuka. Kutokukumbukwa si ushahidi wa kutokuwapo.

HATUA YA TATU: KUHESABU MAJI, MTEREMKO NA MUDA

Hesabu tatu nyepesi zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo.

Maji. Milimeta 1 ya mvua ikinyesha juu ya kilometa 1 ya mraba huleta meta 1,000 za ujazo za maji. Bonde la kijito likiwa na eneo la kilometa 4 za mraba, na mvua ikawa milimeta 60 kwa usiku mmoja, maji yatakuwa 4 × 60 × 1,000, yaani meta za ujazo 240,000. Ardhi iliyokwisha kulowa ikipokea nusu tu, meta za ujazo 120,000 zitatafuta njia ya kuteremka. Uzito wake ni tani 120,000, sawa na mizigo 12,000 ya lori la tani 10. Ikumbukwe pia kwamba kipimamvua kilichoko mjini hakipimi mvua ya mlimani. Mara nyingi mlimani hunyesha zaidi.

Mteremko. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000 sentimeta 1 ni meta 500 ardhini. Kama pointi mbili ziko umbali wa sentimeta 2 juu ya ramani, na kontua zinaonyesha tofauti ya mwinuko ya meta 400, basi mteremko ni 400 kwa 1,000, au 0.4, ambao ni pembe ya digrii 22 hivi. Udongo mkavu huweza kusimama katika pembe hiyo kwa miaka mingi kwa sababu chembe zake hushikana na kusuguana. Maji yanapojaa katikati ya chembe huzisukuma zitengane. Msuguano hupungua huku uzito ukiongezeka. Mvua ya siku nyingi huuandaa mteremko, na mvua ya saa chache huuangusha. Kwa sababu hiyo anayepima mvua asitazame siku ya leo peke yake. Ajumlishe pia siku kumi au zaidi zilizotangulia.

Muda. Mafuriko ya tope huweza kwenda kwa kasi ya meta kadhaa hadi zaidi ya meta 10 kwa sekunde. Korongo likiwa na urefu wa kilometa 6, na kasi ikiwa meta 10 kwa sekunde, tope litafika mdomoni baada ya sekunde 600, yaani dakika 10. Katika dakika 10 za alfajiri mtu hawezi kusubiri taarifa itoke kijijini iende wilayani na kurudi. Onyo lenye manufaa ni lile linalotolewa kabla ya mteremko kumeguka, kwa kutazama mvua na alama za mlimani, au lile ambalo mkazi mwenyewe anaweza kulitambua: ngurumo isiyokoma kutoka juu, ardhi kutetemeka, au maji ya kijito kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Dalili hii ya mwisho huwadanganya wengi. Maji yanapopungua wakati wa mvua, huenda yamezibwa juu na kifusi, na kifusi hicho kitapasuka. Wakati huo mtu asikimbie kufuata korongo kwenda chini. Apande pembeni, kwenye mwinuko, mbali na mkondo.

HATUA YA NNE: UWEZEKANO KATIKA MAISHA YA NYUMBA

Wataalamu husema tukio fulani hutokea "mara moja katika miaka 100". Msemo huo huwapotosha watu kwa namna mbili. Wengine hudhani kwamba likishatokea wamesalimika kwa miaka 99. Wengine hudhani kwamba miaka 100 ni mbali mno kuwahusu.

Maana halisi ni kwamba kila mwaka uwezekano wa tukio kutokea ni 1 kwa 100, au 0.01. Uwezekano wa kutotokea ni 0.99. Uwezekano wa kutotokea miaka miwili mfululizo ni 0.99 × 0.99. Kwa miaka 50 ni 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 50, ambayo ni 0.605. Basi uwezekano wa tukio kutokea angalau mara moja katika miaka hiyo 50 ni 1 kutoa 0.605, yaani 0.395. Kwa maneno mengine, nyumba iliyojengwa ili ikae miaka 50 katika njia ya tope la "mara moja katika miaka 100" ina uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukutana nalo. Hakuna baba wala mama ambaye angekubali kulaza watoto mahali hapo kama angeelezwa hesabu hiyo kwa lugha anayoielewa.

Tena, baada ya maporomoko kutokea, kifusi kilichobaki juu hakijashikana, na kovu jipya halina mizizi. Mvua zinazofuata huweza kukiteremsha. Kwa muda fulani hatari huongezeka badala ya kupungua.

HATUA YA TANO: KUWATAMBUA WALIOMO NJIANI

Katika hatua hii ramani ya makorongo huwekwa pamoja na ramani ya makazi. Huhesabiwa nyumba, shule, zahanati, visima, madaraja na makalavati yaliyo ndani ya mkondo, juu ya upepeo wa zamani, na katika umbali uliochaguliwa kutoka ukingo wa korongo. Kwa kila nyumba huandikwa vifaa vya ujenzi, idadi ya wakazi wa usiku, na kama wamo wazee, wagonjwa au watoto wachanga wasioweza kukimbia. Shule isiyokaliwa usiku ina hatari tofauti na bweni.

Hapa hudhihirika tofauti kubwa kati ya majanga. Ukame ni hatari ya eneo zima: huwagusa wote, polepole, na hutoa nafasi ya kuhamisha mifugo au kugawa chakula. Tope ni hatari ya mstari: huweza kuacha nyumba moja salama na kufuta ya jirani iliyo hatua hamsini tu kutoka hapo. Wastani wa wilaya hauna maana kwa hatari ya mstari. Takwimu ya wilaya nzima itaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wakazi hawamo njiani, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii hata kidogo yule aliyemo.

HATUA YA SITA: JEDWALI LA ALAMA, NA MTEGO WAKE

Njia inayotumika sana ni kutoa alama 1 hadi 5 kwa uwezekano wa janga na alama 1 hadi 5 kwa athari zake, kisha kuzizidisha. Alama zifuatazo si za kata halisi. Zimetungwa kwa ajili ya zoezi.

Ukame: uwezekano 4, athari 3, zao 12.
Mafuriko ya kawaida: uwezekano 4, athari 2, zao 8.
Upepo uezuao mapaa: uwezekano 3, athari 2, zao 6.
Tetemeko: uwezekano 2, athari 3, zao 6.
Tope kutoka mlimani: uwezekano 1, athari 5, zao 5.

Anayefuata mazao peke yake ataweka tope mwisho wa orodha, na huenda fedha zikamalizika kabla ya kulifikia. Huo ndio mtego wa jedwali. Tukio adimu lenye athari kubwa sana hufichwa na uadimu wake. Kwa hiyo kanuni mbili huongezwa.

Kanuni ya kwanza: janga lolote lenye alama 5 ya athari lishughulikiwe hata kama zao lake ni dogo, angalau kwa hatua zisizo na gharama kubwa, kama kupiga marufuku majengo mapya mkondoni na kuweka utaratibu wa onyo.

Kanuni ya pili: jedwali litengenezwe kwa kila kitongoji, si kwa kata nzima. Katika kata ile ile ya mfano, kitongoji kilichoko mgongoni mwa kilima kitapata 1 × 1 = 1 kwa tope, na kitongoji kilichoko juu ya upepeo wa zamani kitapata 2 × 5 = 10. Kata ni moja, mvua ni moja, lakini hatari zimepitana mara kumi.

MISITU: INASAIDIA KIASI GANI?

Mara nyingi husemwa kwamba dawa ya maporomoko ni kupanda miti. Usemi huo una ukweli mkubwa, lakini una mpaka wake. Tarehe 23 Februari, 1970 mvua ya takriban milimeta 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu katika eneo la Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp walichunguza miteremko hiyo na kukuta maporomoko madogo madogo zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia katika mashamba, malisho na maeneo yaliyoachwa yapumzike. Chini ya asilimia moja tu yalianzia msituni. Ushahidi huo ni mzito: mizizi hufunga udongo wa juu kama nyuzi zinavyofunga kikapu.

Lakini maporomoko ya Mgeta yalikuwa ya udongo wa juu. Pale ambapo mwamba dhaifu wenyewe unameguka kutoka kina kirefu kuliko mizizi, miti huanguka pamoja na ardhi, na magogo yake huongeza nguvu za tope. Kwa hiyo msitu wa mlimani ulindwe, na miteremko inayolimwa iwekewe matuta; lakini asiwepo mtu wa kujenga mdomoni mwa korongo kwa kutegemea kwamba juu kuna msitu.

MATUMIZI YA TATHMINI

Tathmini isiyofika kwa wanaoamua ni karatasi tu. Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa katika ngazi mbalimbali, zikiwamo za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Ramani iliyochorwa na wanafunzi, ikikaguliwa na mwalimu, inaweza kupelekwa kwa kamati ya kijiji au ya kata ili iwe mwanzo wa mazungumzo na wataalamu wa ardhi na wa miamba.

Uamuzi wa kuwahamisha watu ni mgumu na una gharama. Baada ya maafa ya Hanang nyumba zaidi ya 100 zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi. Lakini mlima ni wa mviringo, nao una makorongo pande zote. Swali linalobaki kwa wilaya hiyo, na kwa kila wilaya yenye mlima, linahusu korongo ambalo bado halijaleta tope: ni nyumba ngapi ziko mdomoni mwake leo, na ni ngapi zitaongezeka mwaka ujao kwa sababu kiwanja ni rahisi na barabara iko karibu? Kiwanja kisichogawiwa hakihitaji kuhamwa. Hiyo ndiyo kinga nafuu kuliko zote, nayo hupatikana kabla ya msingi kuchimbwa.

KAZI YA DARASA

Kazi hii yafaa ifanywe kwa majuma manne wakati wa kiangazi, wala isifanywe kamwe ndani ya korongo wakati wa mvua.

Juma la kwanza: wanafunzi wachore ramani ya kata wakionyesha milima, makorongo, barabara na majengo ya umma.
Juma la pili: wawahoji wazee wasiopungua kumi, wakiuliza kila mmoja peke yake juu ya mafuriko, maporomoko, ukame na matetemeko, na kuyalinganisha majibu. Miaka isiyojulikana ihusishwe na matukio yanayojulikana, kama vile Uhuru, Azimio la Arusha au Vita vya Kagera.
Juma la tatu: wakiongozwa na mwalimu, watafute alama nne za ardhi zilizotajwa na kuziweka katika ramani.
Juma la nne: watengeneze jedwali la alama kwa kila kitongoji na kuandika taarifa ya kurasa mbili kwa kamati ya kata.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya janga na maafa kwa kutumia mfano wa mahali unapoishi.

2. Bonde la kijito lina eneo la kilometa 2.5 za mraba. Mvua ya milimeta 80 imenyesha, na robo tatu ya maji haikuingia ardhini. Ni meta ngapi za ujazo zilizoteremka? (Jibu: 150,000.)

3. Wazee na tabaka za udongo vinaonyesha kwamba tope limefika katika kitongoji fulani mara 3 katika miaka 120. Kadiria muda wa kurudia, kisha tafuta uwezekano wa tope kufika angalau mara moja katika miaka 30. (Jibu: miaka 40; asilimia 53 hivi.)

4. Mvua kubwa inaendelea kunyesha, lakini maji ya kijito kilicho karibu na shule yamepungua ghafla. Eleza sababu inayowezekana, na hatua ambazo mwalimu wa zamu anapaswa kuchukua mara moja.

5. Diwani anasema, "Tangu babu yangu azaliwe korongo hili halijawahi kuleta tope, viwanja vigawiwe." Andika barua ya heshima ya kumjibu, ukitumia ushahidi wa ardhi na hesabu ya uwezekano.